Foleni ya Kudai Viuno

Kama umewahi kushonewa suruali ukiwa mwembamba kama ufito, ukanenepa taratibu bila kumwambia mtu, na suruali bado ikakupokea kila asubuhi bila ugomvi, basi ama wewe ni mtu wa miujiza, ama suruali hiyo ilishonwa na Nusu Inchi. Jibu la tatu halipo. Atakayekwambia lipo, mtazame vizuri. Atakuwa amevaa nguo ya dukani.

Jina lake la kuzaliwa analo. Limelala kwenye kitambulisho chake, na huko liendelee kulala. Hili la Nusu Inchi alilipata kwa sababu kila nguo aliyoikata aliifichia nusu inchi ya kitambaa ndani ya mshono, akiba ya siku mbaya, wala hakumwambia mteja. Mteja akirudi baada ya miaka miwili, husimama mlangoni kwa haya, akasema nguo imesinyaa.

"Maji ya siku hizi," Nusu Inchi humjibu, "yana dawa nyingi sana."

Anafumua, anaiachia ile nusu inchi, anapiga pasi, na mtu anaondoka na kitambi chake na heshima yake, vyote viwili vikiwa kamili.

Kazi aliifanyia kwenye chumba kimoja kilichokaa ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga nafaka. Unga wa jirani ulipenya kila ufa, kwa hiyo suti nyeusi alizishona asubuhi na mapema kabla mashine haijawashwa, na vitambaa vyeupe akavishona saa yoyote, maana hivyo na unga ni ndugu. Palikuwa na cherehani mbili za miguu. Moja yake, nyingine ya mkewe, mwanamke aliyeshona mapazia na kusema maneno machache kuliko mapazia yenyewe. Palikuwa na meza ya kukatia, pasi ya mkaa, mkebe wa vifungo, na nyuma ya kitambaa cha maua, rafu yenye madaftari kumi na tisa ya majalada magumu.

Humo kwenye madaftari ilikuwamo miaka thelathini na minane ya miili ya watu. Kila ukurasa na mtu wake: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, namba ya simu ya kumwita nguo ikiwa tayari, na chini kabisa yale mambo ambayo mwili huwaficha watu wote isipokuwa fundi. Bega limeshuka. Mguu wa kulia mfupi kidole kimoja. Mgongo umeanza kupinda, usimwambie. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa hii.

Majina hayakuwamo. Zamani yalikuwamo, wakati Nusu Inchi ni kijana anayejifunza. Siku moja akaja bwana mmoja nadhifu, akaomba vipimo vya mama fulani, eti anataka kumshangaza kwa gauni. Kijana akampa, tena kwa furaha. Gauni likashonwa kwingine, likamfikia yule mama, likamkaa kama ngozi. Tatizo ni kwamba mama alikuwa na mume, na mume si yule bwana nadhifu. Nyumba ilibaki kidogo ivunjike. Fundi mkuu alimnyang'anya kijana mkasi mwezi mzima akamkabidhi ufagio.

"Mwili wa mtu ukiletwa kwako," alimwambia, "umeazimwa tu. Hukupewa."

Tangu hapo Nusu Inchi akaandika majina ya utani aliyoyatunga mwenyewe na kuyajua mwenyewe: Gunia la Pili, Kitambi cha Februari, Harusi ya Haraka. Mwizi angebeba madaftari yote angejua viuno vya watu mia nne, na asingejua hata kimoja ni cha nani.

Basi macho yakaanza kumwasi. Ukungu ulishuka polepole, kama mtu anayefunga pazia kwa adabu. Tatu ikawa inafanana na nane. Mwenye kiuno cha thelathini na tatu akashonewa suruali ya thelathini na nane. Akaivaa, akamwambia fundi kwamba nafasi iliyobaki atampangisha mdogo wake. Watu walicheka, Nusu Inchi naye akacheka. Siku hiyo hakula vizuri.

Aliyeona kwamba hakula ni mkwe wake, mume wa binti yake, fundi simu mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Mtaa ulimwita Chaji, kwa kuwa simu za watu huishiwa lakini maneno yake hayaishi.

"Baba," alisema Chaji, "niachie hayo madaftari. Nitayaingiza yote kwenye kompyuta ndogo, uyasome kwa herufi kubwa kama vikombe."

"Yote kumi na tisa?"

"Yote."

"Mwanangu, utazeeka."

"Nitazeeka nikiwa nimekusaidia."

Kwa wiki sita, kila alasiri wateja walipopungua, Chaji aliketi kwenye kigoda akachapa. Nusu Inchi alimletea maji ya kunywa mwenyewe, kwa mikono miwili. Alimshukuru asubuhi, akamshukuru jioni, akamsifu kwa majirani mpaka binti yake akamwambia, "Baba, punguza, nyumbani hataki tena kuosha hata kikombe." Lakini mzee hakuweza kupunguza. Siku alipoona neno "kiuno" limekaa kwenye kioo cha kompyuta, kubwa, jeusi, linalosomeka, alilipapasa kwa kidole kama anapapasa uso wa mtu.

Kulikuwa na jambo dogo. Ile programu ya kuhifadhia vipimo Chaji aliipata bure, kwa kampuni moja ya nguo yenye duka la vioo kwenye barabara kuu. Masharti yalikuwa kurasa kumi na moja. Chaji alisoma neno moja tu, la mwisho, lililosema Nakubali, akalibonyeza. Na palipotakiwa jina la mteja, kwa kuwa daftari halikuwa na jina, akaandika alichokiona.

Ijumaa saa nne asubuhi, simu zaidi ya mia tatu zikalia kwa pamoja.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani, mwenye mashine ya kusaga, bonge la mtu, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Aliiweka simu juu ya meza ya kukatia, akaisoma kwa sauti ya tangazo la redio.

"Mpendwa Gunia la Pili. Tunaujua mwili wako. Suruali ya kiuno arobaini na sita inakungoja dukani kwetu. Jumatatu tutakutumia ofa maalumu kulingana na maumbile yako." Akakunja mikono. "Jirani, swali ni moja tu. Gunia la Kwanza ni nani?"

Nusu Inchi alikaa chini.

"Ni marehemu kaka yako," alisema.

Jirani akafikiri. "Sawa. Yule alinizidi kweli."

Nyuma yake wakaingia wengine. Msoma mita za maji, ambaye kila mwaka baada ya sikukuu huja kufumuliwa suruali mwezi wa pili, alitaka kujua kwa nini anaitwa Kitambi cha Februari wakati kitambi chake ni cha mwaka mzima. Mama mmoja na mumewe wakaja na simu mbili, ya mke ikisema Harusi ya Haraka na ya mume ikisema Mwenye Haraka. Mume alicheka mpaka akashika mlango. Mke hakucheka hata kidogo.

Nusu Inchi alisimama mbele ya kila mmoja, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni kama kamba ya mbuzi, akasema neno lile lile: "Nimekosa. Ulinikabidhi mwili wako, nikaupoteza njiani."

Wengi walimsamehe hapo hapo, kwa sababu kumkasirikia fundi aliyekufichia kitambi chako miaka yote hiyo ni kazi ngumu. Lakini alikuwa akitazama mlango. Alikuwa akimsubiri mmoja.

Alikuja saa nane, chumba kilipotulia. Mwalimu Mkuu mstaafu, aliyeongoza shule ya msingi miaka ishirini na miwili kwa sauti iliyofanya kengele ya shule ionekane mapambo. Ndiyo maana kwenye daftari aliitwa Kengele. Alivuta kigoda, akaketi wima, akaweka mkoba magotini.

"Dada yangu ndiye aliyeisoma," alisema. Alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, na simu ya nyumba ilikuwa moja, na dada husoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye kiberiti. "Amecheka mpaka akakohoa. Anaisubiri ya Jumatatu kwa hamu."

"Mwalimu."

"Fundi, kwenye daftari uliandika nini?"

Miaka tisa nyuma Mwalimu alimuaga dada yake kwamba anakwenda semina ya wiki tatu. Semina ilikuwa hospitali. Alirudi akiwa hai, mwembamba, na titi moja. Kesho yake alikuja chumba hiki na magauni yake yote kwenye mfuko, akamwomba mke wa fundi atoke kidogo. Nusu Inchi alimshonea kila gauni mfuko mdogo wa ndani, upande wa kushoto, wenye sponji nene ya vidole viwili. Zikapita harusi, mahafali, mikutano ya wazazi, na hakuna jicho lililosita. Daktari alijua, Mwalimu alijua, fundi alijua. Basi.

"Niliandika, Mwalimu," alisema Nusu Inchi.

"Najua. Fundi asiyeandika husahau. Nauliza uliandika vipi. Kwa mafumbo, au wazi?"

"Sikumbuki."

Alilishusha daftari la kumi na nne, akalifungua, akaona moshi mtupu. Hakutaka kumwita mtu amsomee. Akaligeuza kuelekea kwa Mwalimu. Mwalimu alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Umeandika vizuri sana," alisema. "Hata mtoto wa darasa la pili angeelewa."

Mzee akainamisha kichwa.

"Mama yetu alikufa kwa ugonjwa huo huo," Mwalimu aliendelea, sauti yake ikiwa chini kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. "Mimi nimepona, nimepimwa, nimeambiwa niende nikaishi. Lakini Dada akijua, atanizika kila asubuhi kabla ya chai. Nimepata miaka tisa ya kucheka na dada yangu, Fundi. Sitaki iishe kwa meseji ya duka."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Msamaha utakuja, una miguu. Kwanza tuizuie Jumatatu."

Chaji alikuja jioni ile na kurasa kumi na moja mkononi. Safari hii alikuwa amezisoma zote, na macho yalikuwa mekundu. Alisimama nje ya kizingiti kama mgeni. Nusu Inchi, ambaye angekuwa mtoto wake wa kuzaa angemrushia hata mkebe wa vifungo, alimtazama mkwe wake akaona wiki sita za kigoda.

"Ingia, mwanangu. Aliyenikalia wiki sita hasimami nje ya mlango wangu."

"Baba, nimewapigia. Nimewaomba wafute. Wanasema mimi siwezi kuomba."

"Mimi je?"

"Wala wewe. Wanasema wewe ni mletaji tu, miili si yako."

"Hapo angalau wamesema kweli."

"Iko ukurasa wa tisa." Chaji akasoma polepole. "Mwenye taarifa anaweza kuomba kuziona, kuzirekebisha au kuzifuta, akifika mwenyewe ofisini na kujithibitisha. Wanafungua kesho, saa mbili hadi saa sita. Jumapili wamefunga."

Mlango ulikuwepo, basi, na ufunguo ulikuwa mikononi mwa wenye miili. Ila mlango wenyewe ulikuwa kwenye duka la vioo, kaunta wazi, barabara kuu, siku ya Jumamosi. Mwalimu Mkuu akionekana pale peke yake, akiomba kufutiwa jambo, mji mzima ungekuwa na swali moja kabla ya adhuhuri, na dada yake angekuwa nalo kabla ya mji.

Nusu Inchi alitoka, akaenda mlango wa pili. Mashine ilikuwa imezimwa, jirani anafagia unga.

"Jirani, kesho naomba uje barabara kuu ufutiwe kiuno."

"Cha kwangu hakinisumbui. Wakitangaze. Nimekigharimia."

"Njoo hivyo hivyo."

Jirani aliacha kufagia. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini miaka thelathini ya kupima magunia kwa macho humfundisha mtu kuona kilichomo bila kufungua.

"Kuna mmoja ana jambo, siyo?"

"Sijui," alisema Nusu Inchi.

"Hujui. Vizuri." Akauegemeza ufagio ukutani. "Basi twende wote. Nipe muda nipitie kwa watu."

Jumamosi saa mbili kasoro, mbele ya duka la vioo palikuwa na watu arobaini na watatu. Nusu Inchi hakuwaona vizuri, aliona rangi tu, lakini zile nguo alizijua. Koti la kahawia alilolitoa mabega mara mbili. Gauni la buluu lenye kola aliyoipigania siku nzima. Alipita kwenye foleni akiwashika watu mikono mmoja mmoja, akisema ahsante, ahsante, mpaka msoma mita akamwambia, "Fundi, tunza ahsante nyingine, tutadai nyingine tukitoka."

Dada wa kaunta alikuwa binti mpole mwenye kucha ndefu na kompyuta mpya. Alikuwa hajawahi kumwona mtu hata mmoja akifuata ukurasa wa tisa.

"Mnahitaji nini, wazee wangu?"

"Viuno vyetu," alisema jirani.

Alielezwa. Alimpigia simu bosi, bosi akasema utaratibu ni utaratibu, anayejithibitisha afutiwe. Nadhani alidhani hapo amewamaliza, kwa sababu kwenye kompyuta hakukuwa na jina la mtu hata mmoja.

"Haya, baba, wewe ni nani humu?"

Jirani alijikohoza. Ni jambo moja kuitwa Gunia la Pili kwenye simu, na ni jambo jingine kusimama kwenye vioo, watu arobaini nyuma yako, ukalidai.

"Mimi ndiye Gunia la Pili," alisema.

"Utathibitishaje?"

Nusu Inchi akavua futi shingoni. "Soma kilichoandikwa humo, dada. Nitapima, futi hii naisoma kwa kidole."

Kompyuta ilisema kiuno arobaini na sita. Futi ikasema arobaini na tisa.

"Hailingani."

"Hizo tatu ni za mwaka huu," alisema jirani. "Mpya kabisa, bado zina risiti. Soma kule chini."

"Nyonga ya kulia iko juu kidogo."

Nusu Inchi akapima, ikawa juu kidogo. Dada akacheka kwanza, akakubali baadaye.

"Uzione, uzirekebishe, uzibakize, au uzifute?"

Jirani akasita. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, si benki, si hospitali, si wale wa kampuni ya simu. "Yaani naamua mimi?"

"Wewe."

"Futa. Halafu nipe nafasi nifurahi kidogo."

Ikaenda hivyo, mtu na jina lake. Kila mmoja alitangaza utani aliopewa, wenzake wakamshangilia kama bwana harusi. Harusi ya Haraka alifika, dada akasoma, "Gauni limepanuliwa mara tatu ndani ya wiki tano," na mume akasema haraka kuliko harusi yenyewe, "Hilo futa, dada, mtoto wetu wa kwanza yuko sekondari na anajua hesabu." Hapo mke naye akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Msoma mita akakataa kufutwa.

"Mimi nibakizeni. Naitaka hiyo suruali."

"Mtu na hiari yake," alisema dada, ambaye alikuwa ameanza kuizoea kazi.

Mwalimu alikuwa wa kumi na nane. Hakuna aliyempisha mbele na hakuna aliyemtazama zaidi ya mwingine. Alipofika kaunta, Nusu Inchi alisema kwa sauti ya kawaida, "Dada, huyu macho yake ni mazima. Mgeuzie kioo asome mwenyewe."

Wakati huo huo, mkiani mwa foleni, jirani ambaye alikuwa amekwisha kufutwa na hana shughuli yoyote pale, alianza kugombana na msoma mita kuhusu mita yake ya maji. Alisema mita ile ni mwizi, tena mwizi mwenye sare. Msoma mita alijibu kwa nguvu zote, maana jambo lile lilimwuma kweli. Watu wote wakageuka.

Dada wa kaunta alikuwa ameona neno kwenye kioo kabla ya kukigeuza. Akashusha macho kwenye kucha zake.

"Mkono wa Mama ni inchi ngapi, Fundi?" aliuliza taratibu.

Nusu Inchi akapima mkono. "Ishirini na mbili na robo."

"Ndivyo ilivyo hapa. Inatosha."

"Nibonyeze wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Hapa. Ukibonyeza hairudi, Mama."

"Hicho ndicho nilichokifuata."

Akabonyeza. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika. Mwalimu akamtafuta Chaji kwa macho, akampata amejibanza karibu na mlango.

"Umeona, mwanangu? Hata mashine ina adabu ya kuuliza mara ya pili."

"Nimeona, Mwalimu," alisema Chaji.

Akabonyeza tena, akashukuru, akatoka na mkoba wake. Nje alisimama kwenye jua dakika nzima bila kwenda popote.

Jumatatu dada yake alikaa na simu mapajani tangu asubuhi. Hadi magharibi hakuna kilichokuja ila tangazo la mtandao wa simu. Alilalamika mpaka chakula kikapoa, kwamba makampuni ya siku hizi hayana ahadi. Mwalimu alikubaliana naye kwa kila neno.

Huku kwenye chumba cha kushonea, Nusu Inchi alikuwa ameyashusha madaftari yote mezani. Alichukua ule mkasi wake mkubwa wa suti, ambao haujawahi kugusa karatasi tangu ununuliwe, akauamuru ukate. Mkewe alimsomea majina ya utani tu, yaliyo chini ameyafunika kwa kiganja, yeye akamtajia mwenyewe, na Chaji akapeleka kila ukurasa kwa mwenye nao, mlango kwa mlango, akiomba radhi kila kizingiti. Waliotaka, aliwafunikia ukurasa kwa plastiki kibandani kwake ili usichakae. Kurasa za waliokwisha kufa zilitiwa kwenye pasi pamoja na mkaa, zikanyoosha nguo za walio hai.

Utaratibu mpya ukawa huu: unakuja na kitambaa chako na karatasi yako. Unamsomea fundi vipimo, anakata, unaondoka na karatasi. Jambo ambalo hakuna aliyelitegemea ni kwamba macho ya mzee yakaacha kuwa tatizo. Alikuwa amepata macho mia nne. Tatu haikufanana tena na nane, kwa sababu mtu husoma kiuno chake kwa uangalifu mkubwa, na akikosea hukosea kwa kupunguza, na kupunguza Nusu Inchi alikuzoea. Alishukuru sana kwa hilo. Alishukuru mpaka jirani akaomba wahamie mada nyingine.

Mwalimu hakuonekana kwa muda mrefu. Nusu Inchi hakumwulizia. Alijua ukurasa wake ulikuwa umefika, kwa sababu Chaji alirudi akasema ameupokea mlangoni kwa mikono miwili, akaukunja mara nne. Zaidi ya hapo hakujua. Pengine amempata fundi mwingine. Pengine ameamua kuvaa khanga tu. Kila gauni la kike lililofika mezani lilimfanya ainue kichwa.

Alikuja asubuhi moja mashine ya jirani ikinguruma, na kitambaa cha zambarau chini ya kwapa. Mke wa fundi akaanza kuinuka, kama alivyoambiwa ainuke miaka tisa iliyopita.

"Kaa, shoga," alisema Mwalimu. "Pazia halina mguu, litakusubiri, lakini nawe usilikimbie."

Akaketi kwenye kigoda, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akavaa miwani.

"Kifua, arobaini. Kiuno, thelathini na nane."

"Thelathini na nane," alirudia Nusu Inchi, chaki mkononi.

"Nyonga, arobaini na nne. Mkono, ishirini na mbili na robo." Akaishusha karatasi magotini. Kisha akasema kitu ambacho mashine ilikimeza.

"Sikusikia, Mwalimu. Jirani anasaga."

Mwalimu alivuta pumzi, na ile sauti iliyowapanga mstarini watoto elfu kadhaa ikarudi mahali pake.

"Kushoto hakuna," alisema. "Weka sponji, vidole viwili."

Cherehani ya mapazia ilisimama. Mke wa fundi alimtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama yeye, na baada ya muda cherehani ikaendelea, taratibu zaidi.

"Vidole viwili," alisema Nusu Inchi.

"Ngoja. Nimenenepa kulia. Fanya vitatu."

"Vitatu. Basi rekebisha na kwenye karatasi, Mwalimu. Mimi siandiki tena."

Akampa penseli. Mwalimu akaiweka karatasi juu ya meza ya kukatia, akafuta neno moja, akaandika jingine kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, akaikunja.

"Dada hajambo?" aliuliza mzee.

"Hajambo. Nitamwambia."

"Lini?"

"Siku nitakayotaka, Fundi." Akairudisha karatasi kwenye mkoba, akafunga zipu. "Gauni nitalifuata Alhamisi. Na ahsante."

"Ahsante wewe," alisema Nusu Inchi, akainamia kitambaa cha zambarau, akaanza kuchora kwa chaki.